Chaki na Mafuta ya Taa

Nyanya yangu, Saumu Njambi, hakuwa na picha ya mumewe.
Alikuwa na kipande cha shaba, duara,
kimetobolewa tundu la kamba, kimegongwa namba: 4417.
"Huyu ndiye Nzioka," alisema,
akimsugua kwa jivu na ndimu kila mkesha wa Idi.

Namba hiyo ilikwenda vitani na gunia la unga kichwani.
Haikupewa bunduki. Haikupewa viatu.
"Waligombana huko kwao," nyanya alisema,
"ugomvi wakaja kuumalizia huku, mizigo wakatutwika sisi."
Kutoka Rufiji namba ilirudi peke yake, ndani ya bahasha.
Mshahara wa marehemu haukuonekana:
karani aliandika jina jinsi sikio lake lilivyopenda,
Zoka, Nioka, Sioka,
watu watatu wamekufa,
na hakuna hata mmoja aliyekuwa mume wa mtu.

Kisha homa ile ya kifua
iliteremka stesheni bila tiketi.
Mtu alikohoa alfajiri, adhuhuri akalala,
magharibi akaoshwa.
Pangani nzima bafta iliisha madukani.
Nyanya alimzika dada yake kwa shuka ya kitanda chake mwenyewe,
akalala juu ya kamba tupu
mpaka mvua za vuli.

(Tauni aliikumbuka pia, akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni:
walichoma soko zima kuua panya,
panya wakatoka mbio, wakahamia mtaa wa pili.)

Ndipo wakaja waliosafisha mji.
Mmoja na mnyororo wa kupimia, mmoja na daftari,
bwana afya na kitambaa puani.
Walisema maradhi yanakaa katika udongo wa kuta zetu.
Walipiga msalaba wa chaki mlangoni.
Usiku nyanya akaufuta kwa kitambaa cha maji.
Wakarudi, wakapiga. Akafuta.
Miaka ilipita hivyo, chaki na maji, chaki na maji,
hata vita vya pili viliponusa kizingiti
nyumba ikavunjwa na watu waliokuja bila chaki.

Alijitwika mlango, akaenda nao Pumwani kwa miguu.
Ulizidi fremu mpya kwa vidole vinne.
Akauwekea matofali, ukawa meza.
Nimekula juu ya mlango huo utoto wangu wote.
Ukiinua kitambaa, upande wa bawaba,
kuna mstari mweupe ulioingia ndani ya mbao
ukakataa kutoka.

Sasa nina miaka hamsini na minane
na mwajiri wangu ni jiji.
Nina koti la kung'aa, orodha,
na kopo la rangi nyekundu.
Jumanne nilikuwa Mukuru, kando ya reli,
kipindupindu kimepita wiki mbili kabla,
barabara mpya inakuja wiki mbili baadaye.
Nikapiga msalaba kwenye bati la Mama Khavere.
Alitoka na mikono ya unga.
"Umeandika nini?"
"Alama."
"Inasomwaje?"
Nimesoma hadi kidato cha nne.
Sikuweza kumsomea.

Jumatano nilirudi kuhesabu.
Bati lake lilikuwa safi, linanuka mafuta ya taa,
na kitambaa chekundu kimeanikwa kambani
mchana kweupe, kama nguo ya mtoto.
Yeye alikuwa anakaanga maandazi. Hakuniangalia.
Akafunga mawili kwenye gazeti, akanipa, akataka shilingi ishirini.
Nikalipa.

Fomu ya jiji ina swali moja tu kwa kila nyumba:
Je, imetiwa alama?
Nikaandika: Ndiyo.
Tarehe nikaweka ya Jumanne.
Kopo lilikuwa bado nusu,
nami nikalifunga kifuniko kwa kisigino,
nikaenda nyumba inayofuata.